Kivinjari Kilichojengwa Nyuma ya Duka la Mabati

Mimi ni mtu wa kushtuka haraka. Nyumbani kwetu Samuye walinitania kwamba hata ndama akizaliwa nitauliza ametokea wapi. Lakini mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kahama, nilishtuka kwa namna ambayo haijanitoka. Siku hizi nikisikia vijana wanataja kivinjari kama wanavyotaja sufuria, mtu anakibonyeza tu kinafunguka, natamani niwashike mkono niwaambie: ninyi hamjui kinavyojengwa, na hamjui kinavyoweza kuumiza watu.

Duka lilikuwa la tajiri mmoja Mhindu, mzaliwa wa hapohapo Kahama, aliyejua kupatana bei kwa Kisukuma kuliko Wasukuma wengi. Aliuza mabati, saruji, rangi, karai, na koleo na kamba kwa wachimbaji wa dhahabu. Sisi wafanyakazi tulimwita tajiri, na mke wake tulimwita mama. Kazi yangu ilikuwa chumba cha nyuma, penye kompyuta ya duka, nikiandika ankara na barua. Nilisomea uhazili Mwanza, na Kiingereza changu kilikuwa cha kujikongoja na kamusi, lakini kwa Kahama ya siku zile nilionekana msomi.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, kijana. Alikwenda ng'ambo kusomea mambo ya kompyuta, akamaliza, hakurudi. Aliondoka kwa ugomvi. Alimwambia baba yake mbele ya wapagazi kwamba yeye hatakaa nyuma ya kaunta maisha yake yote akihesabu misumari. Tajiri hakumjibu siku ile, na tangu hapo nyumba nzima ilijifunza kutolitaja jambo hilo. Kijana alipiga simu kila Jumapili, mama akizungumza naye, tajiri akisikiliza kwenye kipaza sauti huku akijifanya anasoma gazeti.

Jumapili moja gazeti likashushwa. Mimi nilikuwa pale kwa sababu mama alinialika chakula cha mchana, kama alivyofanya mara nyingi. Tajiri aliinamia simu akauliza, kwa Kigujarati chao ambacho nilikwisha kukizoea, "Hivi wewe huko unafanya kazi gani hasa?"

Kijana akasema mchana anauza karatasi kwenye duka la kurudufu. Muda wake wote mwingine yuko na watu wengine wengi, wa nchi nyingi, hajaonana nao, wanajenga programu ya kusomea kurasa za mtandao.

"Mwenyewe ni nani?"

"Haina mwenyewe, baba. Ni ya wote. Anayetaka anaichukua, anaifungua ndani, anaibadilisha, anatuletea alichobadilisha."

"Na nyinyi mnapata nini?"

"Tunapata programu."

Niliona shingo ya tajiri ikibadilika rangi. Akageukia Kiswahili, kama alivyofanya kila alipotaka maneno yaume. "Mkono mtupu haulambwi. Mtoto wangu amekuwa kibarua wa bure." Kisha akatoa hukumu, polepole, kama anayetaja bei ya mwisho. Diwali, sikukuu yao ya taa, ikifika wanafungua vitabu vipya vya hesabu za mwaka, na duka lazima lijue mrithi wake. "Nitumie hicho kitu nikione. Nikiona ni kazi ya mtu mzima, kaa huko, sitakuuliza tena mpaka nife. Nikiona ni mchezo, Diwali ikukute hapa."

Kisha kijana akasema, "Nitakutumia. Lakini sitakutumia iliyo tayari. Anayetaka kuona kazi yangu aijenge mwenyewe."

Mimi nilijisemea moyoni, kijana ana kiburi huyu. Tajiri naye aliona hivyohivyo, akarudi kwenye gazeti lake.

Bahasha ilifika na basi la kutoka Mwanza. Ndani mlikuwa na diski za kung'aa na bunda la karatasi zilizochapwa. Tajiri alinitupia mezani akasema, "Haya, msomi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame." Akaenda zake kwa wateja.

Nilikaa kusoma zile karatasi nikitegemea maneno ya kujisifu, kama vitabu vya mashine vinavyoanza. Badala yake zilikuwa maelekezo. Zilieleza programu ile imegawanyika vipi, faili gani linafanya nini, unaifungua vipi kutoka kwenye diski, unaandika amri ipi ili kompyuta ianze kuijenga kipande kwa kipande, na ikikwama hapa ufanye hivi, ikikwama pale ufanye vile. Halafu ikaja sehemu iliyonifanya niinuke kitini. Ilisema ukikuta kosa lolote, liwe kwenye programu au kwenye maelekezo yenyewe, tuambie. Ukiweza kulirekebisha, lirekebishe utuletee. Mtu mwingine atasoma ulichofanya kabla hakijapokelewa, na hata kazi ya wakubwa wetu husomwa hivyohivyo.

Nilirudia mistari ile na kamusi mkononi, nikidhani nimekosea. Shuleni kwetu, ukimwambia mwalimu kwamba amekosea ubaoni, ulikata fimbo yako mwenyewe. Nyumbani, mkubwa akikosea unanyamaza, na kama ni lazima aambiwe, unamtafuta mkubwa mwingine amwambie. Hawa watu walikuwa wanawaomba wapita njia waseme. Nilipigwa na butwaa, sitanii. Nilitazama nyuma yangu kana kwamba nimeshikwa nikisoma siri ya mtu.

Siku hiyohiyo kaka yangu alipita dukani. Alikuwa mchimbaji upande wa Geita, na kila alipokuja Kahama alipitia kwetu kununua kamba. "Mwangaluka," akanisalimu kutoka mlangoni, kisha akaniuliza karatasi zile ni za nini, uso wangu umekuwaje. Nikamweleza kwa lugha anayoielewa.

"Yaani wamepata mwamba," akasema, "halafu wanaandika njia ya kufika, wanamwambia kila mtu aje na nyundo yake?"

"Ndiyo."

"Na mtu akiona ukuta wa duara una ufa?"

"Aseme, wote wajue. Na akiweza, aweke gogo mwenyewe."

"Bebe!" Kaka alishika kichwa. Kwao, mtu akipata mwamba mzuri kwenye duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, alimficha hata mke. Alicheka mpaka wapagazi wakaja kuchungulia. "Hao watakufa maskini, mdogo wangu. Labda tu hawatafukiwa." Akalipia kamba yake akaenda stendi.

Nilikuwa na nia ya kumwambia tajiri kwamba haiwezekani. Ukurasa wa mwanzo kabisa wa maelekezo ulitaja aina ya kompyuta inayohitajika, ukasema kompyuta yenye kumbukumbu ndogo kuliko hapo isijaribu, haitafika mwisho. Yetu haikuikaribia. Lakini jioni ile mama aliingia chumba cha nyuma, akafunga mlango, akakaa kwenye ndoo ya rangi.

"Binti, unaweza?"

"Mama, kompyuta yetu ni ndogo. Wenyewe wamesema."

"Jenga." Alikuwa na sauti ya chini, na mimi sikuwa nimezoea kumwona akiomba. "Mzee akiona kwa macho, atamwacha. Mtoto akiletwa kwa nguvu atanyauka humu ndani. Nitamwona kila siku, lakini atakuwa amenyauka. Afadhali nisimwone."

Mimi nina kichwa kigumu. Nikiambiwa jambo haliwezekani na mashine, naweza kukubali. Nikiombwa na mama wa watu, siwezi. Nikaufunika ule ukurasa wa mwanzo na ankara, nikajifanya sikuusoma.

Kazi ilianza. Kwanza nilifuta michezo yote na barua za miaka iliyopita ili kupata nafasi. Kisha nikaweka mfumo mwingine wa bure uliokuja kwenye diski, ambao ukiuwasha unakupa skrini nyeusi na maandishi meupe, hakuna picha, hakuna saa, hakuna kitu cha kukuchekea. Nikaandika amri ya kujenga. Maandishi yakaanza kupanda, mstari kwa mstari, kila mstari ni kipande kimoja kinachojengwa, na kompyuta ikaunguruma kama jiko la mafuta ya taa. Nilitoka nikanywa chai, nikarudi, bado. Nikaandika ankara kwa mkono siku nzima, wateja wakinitania kwamba msomi amerudi kwenye kalamu, bado.

Shida kubwa ilikuwa umeme. Ulikatika ulivyopenda, na jenereta tajiri aliiwasha kwa ajili ya taa za dukani tu. Uzuri wa programu ile ya kujenga ni kwamba ilikumbuka vipande vilivyokwisha, haikuvirudia. Ubaya ulikuwa kwa kompyuta yenyewe. Betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekufa siku nyingi, na betri ya namna ile Kahama haikuwepo, kwa hiyo kila umeme ulipokatika ilisahau tarehe na saa. Ukiiwasha inagoma kuendelea mpaka uiandikie. Mama nilimfundisha kufanya hivyo, ili umeme ukirudi nikiwa nimekwenda kula asiache muda upotee. Alifurahi kupewa kazi. Alivaa miwani, akabonyeza herufi kwa kidole kimoja, akakaa pembeni kuitazama mistari ikipanda kama anayetazama maziwa yasifurike.

Tukaenda hivyo siku baada ya siku, mvua za kwanza zikaanza, Diwali ikikaribia. Halafu siku moja asubuhi mistari ikasimama. Kosa. Nikatafuta kwenye maelekezo, nikalikuta: ukikwama hapa, fungua faili fulani, badilisha mstari fulani, hifadhi, kisha toa amri ya kuendelea. Nilifurahi kama mtu aliyeonyeshwa mlango gizani. Kabla sijafanya lolote umeme ukakatika, nikaenda kula. Niliporudi mama alikwisha iwasha kompyuta. Nikafungua faili, nikabadilisha mstari, nikatoa amri.

Kompyuta ikaniambia kwamba kipande kile kiko sawa, hakuna haja ya kukijenga upya. Ikakiruka, ikaenda mbele kidogo, ikaanguka kwa kosa lilelile. Na juu ya hapo ikatoa onyo lililonisimamisha nywele. Ilisema kipande kile kimetoka siku za usoni.

Nilisoma tena. Siku za usoni. Nikamwita mama, nikamtafsiria. Mama akashika shanga zake shingoni. Nilifungua faili, mstari wangu mpya umo, nimeuandika mimi; nikaufuta, nikauandika upya. Nikatoa amri. Kiko sawa, hakuna haja. Kesho yake asubuhi nikajaribu tena. Onyo la siku za usoni halikuwepo, lakini jibu likawa lilelile: kiko sawa, hakuna haja. Nikarudia amri mchana. Hakuna haja. Nilianza kuogopa. Sisi kwetu tuna mambo yetu, sitaki kuyaeleza hapa, lakini nilipokwenda Nyahanga, mtaa niliopanga chumba, jioni ile sikupita njia yangu ya kawaida.

Kuanza upya tangu mwanzo kusingewezekana. Diwali ingetukuta njiani. Tajiri alikuwa ameanza kuingia chumbani kila asubuhi. Alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, akatazama kosa lililobaki kwenye skrini.

"Mwanangu alisema yeye ndiye aliyeandika maelekezo?"

"Karatasi hizi za kujenga, ndiyo, kaziandika yeye."

"Maelekezo yasiyoelekeza," akasema. Safari hii hakuwa na hasira, na hilo lilinitia uchungu zaidi. "Mama, mwandalie chumba."

Mama alitoa mashuka. Aliyaanika uani, akayapiga pasi, akayakunja, na kila alipopita mlangoni kwangu alinitazama. Nikaona basi, kijana wa watu atanyauka kwa sababu ya mstari mmoja.

Kilichotuokoa, kama kuokoka ndiko, ni wali kuisha. Mchana ule umeme ulikatika kama kawaida, nikaenda kwa mama ntilie nikakuta sufuria tupu, nikarudi na njaa. Umeme ulikuwa umerudi, na mama yuko mbele ya kompyuta, miwani puani, anaiandikia saa. Nilisimama nyuma yake. Aliandika tarehe vizuri. Kisha akaangalia saa ya ukutani, ambayo mshale wake mfupi ulikuwa kwenye mbili, akaandika nane.

"Mama! Umeandika nini?"

Alishtuka karibu aanguke. "Saa, binti. Si saa nane hizi?"

Ni kweli zilikuwa saa nane mchana. Mtu yeyote Kahama, Mhindu, Msukuma, Mwarabu, angeutazama mshale ule kwenye mbili akasema saa nane, kwa sababu siku yetu inaanza jua likichomoza na hatuoni ajabu yoyote. Lakini kompyuta haikuzaliwa Kahama. Kwake nane ni asubuhi, muda ambao sisi tunauita saa mbili. Mimi asubuhi niliiandikia kwa saa za Kizungu kama nilivyofundishwa Mwanza, mama mchana aliiandikia kwa saa zetu, na hatukuwahi kuambiana, maana nani anamwambia mtu mzima namna ya kusoma saa?

Nilikaa chini sakafuni. Kipande kibovu kilijengwa asubuhi. Mchana mama alipoirudisha kompyuta kwenye asubuhi ya mapema, faili nililolirekebisha likapigwa muhuri wa muda wa kabla ya kile kipande. Na programu ya kujenga inafanya kazi yake kwa kulinganisha muda tu: faili likiwa jipya kuliko kipande, ijenge, likiwa la zamani, iache. Kwa hesabu yake, dawa yangu ilikuja kabla ya ugonjwa, kwa hiyo ugonjwa ulikwisha tibiwa. Ndiyo maana ikaona vitu vinatoka siku za usoni.

Nilimweleza mama. Aliweka mikono mashavuni. "Ni mimi," akasema, "ni mimi nimemfunga mtoto wangu." Nikamwambia hapana mama, ni sisi wawili, na nilicheka kwa woga kuliko kwa furaha. Nikaiandikia kompyuta saa yake, nikalifungua faili, nikalihifadhi tena, nikatoa amri. Kipande kikajengwa. Mistari ikaanza kupanda.

Ilipanda mpaka kesho yake, na kesho kutwa. Mama hakugusa tena saa, hata ya ukutani.

Siku kazi ilipomalizika ilikuwa mkesha wa Diwali, mchana, uani wanapanga taa. Nilitoa amri ya mwisho nikiwa nimefumba jicho moja. Likatokea dirisha. Dirisha zima, lenye vitufe juu na nafasi nyeupe katikati, limetoka ndani ya kompyuta ambayo wenye programu walisema haiwezi. Nilipiga kelele, wapagazi wakaacha mabati wakaja. Mtandao wenyewe Kahama haukuwepo, kwa hiyo tukafungua ukurasa uliokuwa kwenye diski, na ukurasa wa kwanza kufunguka ulikuwa maelekezo yaleyale ya kujenga, sasa yako kwenye skrini, yana rangi, ukibonyeza maneno yanakupeleka ukurasa mwingine. Chini kabisa palikuwa na jina la aliyeyaandika. Jina la kijana, na la baba yake, na la babu yake, kama ilivyo desturi yao.

Tajiri alivuta ndoo ya rangi akakaa. Alisoma yote. Sikujua kama alielewa, lakini hakuruka mstari. Alinifanya nibonyeze kila mahali panapobonyezeka.

"Na hawa wanaofanya naye kazi, wamemwona?"

"Hawajaonana, tajiri."

"Na wanapokea kazi yake?"

"Wanaisoma kwanza. Ikiwa nzuri wanapokea."

Alivua miwani. "Huyu anajua kumweleza mtu kazi," akasema. "Mtu asiyemjua, wa mbali, mwenye kompyuta mbovu, akamweleza mpaka akajenga." Akainuka. "Mimi ni mtu wa neno moja. Ni kazi. Akae huko."

Mama alilia palepale, akanishika kichwa kwa mikono miwili akanibariki. Nami nililia. Nilijiona nimemfungulia mtu mlango wa jela.

Hatukusubiri Jumapili. Jioni ileile mama aliwasha taa za uani, kisha akapiga simu mwenyewe, kaunta ya mbele, kipaza sauti kimewashwa ili wote tusikie. "Imefunguka!" akapaza sauti. "Baba yako ameona! Jina lako limo! Amesema ni kazi, ukae!"

Mama akarudia, akidhani simu imekatika: "Imefunguka!"

"Imefunguka nini?" kijana akauliza.

"Programu yako! Binti ameijenga!"

"Kwa ile kompyuta ya duka?" Akaomba kuongea na mimi, akabadili, akaongea Kiswahili. "Dada, umeijenga kwa kompyuta ile ile niliyoiacha?"

Nilikuwa nimejaa fahari. Nikamsimulia umeme, nikamsimulia saa, jinsi mama alivyoandika nane, na jinsi kipande kilivyotoka siku za usoni. Alicheka. Alicheka sana, akasema hilo lazima aliandike kwenye maelekezo, kwamba kuna nchi ambazo siku inaanza na jua na mjenzi aangalie saa yake. Kisha kicheko kikaishia katikati, na nikasikia anavuta pumzi.

"Dada, ukurasa wa kwanza si unasema kompyuta kama hiyo isijaribu?"

"Unasema."

"Ukurasa ule niliuandika mimi. Nilijua haiwezi."

Nilisimama na mkono wa simu sikioni ingawa kila mtu alikuwa anasikia. Sikuelewa, halafu nikaelewa, halafu nikatamani nisingeelewa.

"Iliyo tayari ningeweza kuiweka kwenye diski moja," akasema, "ikafunguka siku hiyohiyo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilimwambia baba mbele ya watu kwamba sitarudi. Sasa nitarudi vipi mwenyewe? Nikaona bora waniite wao. Nimeshafunga sanduku, dada. Nimeaga kazini."

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Wote tukamgeukia tajiri. Alikuwa hatua chache kutoka kwenye simu, mkono mmoja juu ya kaunta, na alikuwa amesikia kila neno. Ilihitajika neno moja tu. Nililiona likipanda kooni kwake, naapa nililiona. Mtoto hakuweza kusema nataka kurudi, na baba alikwisha sema ni mtu wa neno moja, na wapagazi wote wamesimama pale na vumbi la saruji mikononi.

Akainamia kipaza sauti. "Kazi yako ni nzuri," akasema. "Endelea nayo."

"Ndiyo, baba," kijana akasema. Simu ikakatika.

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka maishani. Nilitaka kupiga kelele, kumvuta tajiri shati, kupiga simu tena, lakini sikuthubutu. Mama aliingia uani, akaanza kuzima taa alizoziwasha, moja moja, kwa vidole. Wapagazi wakatawanyika.

Mlangoni alikuwa amesimama mkulima mmoja aliyekuja kununua misumari ya kuezekea. Akamwamkia tajiri, tajiri akaitikia, akachukua mizani, akaanza kuchota misumari kwenye sanduku. Aliweka, akaongeza. Sahani ya mizani ikagonga meza, akaongeza. Ilikwisha pita mara mbili ya alichoombwa, na mkulima yule alinitazama mimi, akautazama uso wa tajiri, akafungua mfuko wake polepole, na tajiri akaendelea kuchota.